Tii Iliyozikwa Chini ya Mlango wa Stoo

Katika simu yangu kuna majina manne yanayoanza na maneno Fundi Bomba. La kwanza ni "Fundi Bomba" tu, la pili ni "Fundi Bomba Mpya", la tatu ni "Fundi Bomba wa Dada", na la nne nililiandika kwa herufi kubwa siku niliyokuwa na hasira: "FUNDI BOMBA USIPIGE". Huyo wa nne alichukua nusu ya malipo ya kufunga pampu, akaenda kununua vifaa, na hadi leo hajarudi. Wa kwanza ndiye aliyetandaza mabomba ya nyumba ninayoishi, huku Tabata, mwaka 1998, mama yangu alipokuwa akimalizia ujenzi uliocheleweshwa na mvua za El Niño. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kazi yangu siku za Jumamosi ilikuwa kuwapelekea mafundi chai na mihogo. Sijawahi kumwita kwa jina lake. Mimi humwita Mzee, yeye huniita mwanangu, na mitaa yote inayotuzunguka humwita Fundi, kana kwamba duniani hakuna fundi wa kitu kingine chochote.

Nayasema hayo mapema kwa sababu watu wanaoniuliza kama ni afadhali kumwita fundi wa mtaani au kuagiza kupitia programu ya simu hutaka jibu la sentensi moja, nami jibu langu lilibadilika mara mbili ndani ya wiki tatu, kwa sababu ya uvujaji mmoja.

Bili ya maji ya nyumba yetu huwa kati ya uniti 11 na 14 kwa mwezi, na uniti moja ni lita 1,000. Mwezi mmoja ikaja bili ya uniti 29. Kwanza niliwashuku watoto, kisha nikamshuku binti anayetusaidia kufua, kisha nikaona aibu na kufanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo: siku maji yalipotoka nilifunga njia inayoingiza maji kwenye tangi la chini, nikafunga koki zote za ndani na nje, nikaenda kuchuchumaa mbele ya mita. Kile kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kinazunguka taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye uhakika wa mshahara wake. Uniti 15 zilizozidi ni wastani wa lita 500 kwa siku, yaani ndoo 25 za lita 20 zilizokuwa zikimwagika kila siku mahali ambapo hakuna aliyeona hata sakafu ikilowa.

Nikampigia Mzee. Simu haikupatikana. Mke wake akaniambia kwamba amekwenda kwao Newala kwenye msiba wa kaka yake, na kwamba huko alikofikia mtandao hupatikana kwa kupanda mlima. Kumsubiri hadi arobaini ipite ilikuwa ni kuendelea kulipia maji ya ardhini. Ndipo nilipopakua programu ambayo mdogo wangu alikuwa akiisifu.

Nikiri kwamba mwanzo ulinifurahisha. Unachagua aina ya tatizo, unaona picha ya fundi, jina lake na idadi ya kazi alizokwisha kufanya, unalipa ada ya ukaguzi ya shilingi 15,000 kwa simu, na unaambiwa saa atakayofika. Aliyefika alifika saa hiyo hiyo, jambo ambalo kwa mkazi wa Dar es Salaam linatosha kumfanya mtu amsamehe mwenzake makosa mengi. Alikuwa kijana mwenye cheti cha ngazi ya pili cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Aliamkia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kisha akatoa kwenye begi pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia presha. Mzee hajawahi kuwa na kifaa hicho. Njia yake ya kupima ni kujaza maji, kufunga, na kusema "yaache yalale," kisha kurudi asubuhi kutazama kama ukuta umelowa.

Ndani ya nusu saa kijana aliona kwamba tangi la kuvutia maji la choo cha wageni lilikuwa linapitisha maji polepole ndani ya bakuli, mpira wake wa kufungia ukiwa umekauka. Akabadilisha, nikalipa 35,000 pamoja na kifaa, na ankara ikaja kwenye simu ikiwa imeorodhesha kila kitu, hadi tredi tepu, ule utepe wa kuzungushia nyuzi za bomba. Tukarudi kwenye mita. Kigurudumu kilikuwa kimepunguza mwendo, lakini hakikusimama.

"Mama, kuna kingine chini ya sakafu," akasema. "Ramani ya mabomba ipo?"

Haikuwapo. Akauliza kama najua geti valvu, yaani koki kubwa ya kufungia maji ya njia ya jikoni, ilipo. Sikujua. Akauliza kama mabomba yanapita chini ya korido au yanazunguka nje. Hilo pia sikulijua, ingawa nimeishi katika nyumba hiyo zaidi ya nusu ya umri wangu na ningeweza kumweleza ni bati gani huvuja mvua ya masika inapoanza. Akaniambia ukweli kwamba bila ramani atalazimika kuvunja sakafu sehemu tatu akiifuata njia kwa kukisia, na makadirio yaliyotumwa na ofisi yao yalikuwa 420,000, pamoja na dhamana ya siku 30.

Alipokuwa akifunga begi lake, akasogea karibu na kupunguza sauti. Alisema ningeweza kuchukua namba yake, kwamba akija mwenyewe bila kupitia programu bei itapungua kwa sababu kampuni humkata sehemu kubwa ya malipo. Nilifahamu maana yake vizuri. Madereva wa teksi za mtandaoni walilalamikia jambo hilo hilo hadi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ikaweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15 mwaka 2022, na abiria wengi tunakumbuka mvutano uliofuata. Hata hivyo nilikataa. Nilimwambia kwamba nataka ile dhamana, na dhamana ni ya kazi zinazopita kwenye programu peke yake. Nadhani pia kuna ualimu ndani yangu unaopenda mambo yaliyoandikwa. Nimejutia uamuzi huo, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Kwa kuwa 420,000 zilinishtua, niliomba ukaguzi wa pili baada ya siku nne, nikitumaini kwamba atakuja kijana yule yule na tutaendelea pale tulipoishia. Akaja mwingine. Huyu naye alikuwa na adabu na vifaa, lakini aliniuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: ramani, geti valvu, korido. Nilimfungulia kumbukumbu za kazi ya kwanza katika simu yangu. Kulikuwa na tarehe, jina la fundi, kiasi nilicholipa, nyota tano nilizompa, na maneno mawili: "Uvujaji – umekamilika." Hakuna aliyeandika kwamba mabomba ya nyumba hii ni ya chuma, wala kwamba choo cha wageni tayari kimeshughulikiwa, wala kwamba uvujaji haukuwa umekamilika hata kidogo. Nikalipa 15,000 nyingine ili kujua kwamba sakafu yangu inahitaji kuvunjwa.

Mzee alirudi siku ya kumi na sita. Alikuja jioni, amekonda kidogo, nami nikampa pole ya msiba kabla ya kumtajia maji. Tulikunywa chai. Kisha akasimama, akatembea kwenye korido polepole akiburuza kisigino, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, akasimama mbele ya mlango wa stoo.

"Mwanangu, hapa pana tii, kiungo cha njia tatu. Mama yako, Mungu amrehemu, alitaka bomba la bustani litokee upande huu. Tukaweka tii, halafu pesa ikakata, tukaiziba kwa plagi. Akasema mwakani."

Mwakani haikufika. Mzee alivunja marumaru moja tu, akachimba kiasi cha mkono hadi kiwiko, na hapo ikaonekana plagi ya chuma iliyogeuka kuwa kitu kinachofanana na biskuti iliyolowekwa. Alinionyesha jinsi kutu ilivyoanzia kwenye nyuzi. Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisishike kutu, lakini fundi anapokata nyuzi za kufungia, ile ngozi ya zinki huondoka, na kama sehemu hiyo iko kwenye udongo wenye unyevu basi kutu hupata mlango wa kuingilia. Maji yalikuwa yanashuka moja kwa moja kwenye kifusi cha msingi, ndiyo maana sakafu haikuwahi kulowa.

Hapo ndipo ningeweza kufunga simulizi kwa kumsifu fundi wa mtaani, na kwa siku mbili hivyo ndivyo nilivyofanya kwa kila jirani aliyepita. Katika muda ambao Mzee ameitunza nyumba hii, jina lililo juu ya bili ya maji limekuwa DAWASA, likawa City Water kuanzia 2003 hadi serikali ilipovunja mkataba mwaka 2005, likawa DAWASCO, na tangu 2018 limerudi kuwa DAWASA; yeye amebaki kuwa yeye. Lakini tulikuwa tumekubaliana kwamba, badala ya kuziba plagi na kusubiri nyingine ioze, tubadilishe njia yote kutoka kwenye mita hadi jikoni kwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki ambayo huunganishwa kwa mashine yenye moto wa nyuzi joto 260 hadi bomba na kiungo vinakuwa kitu kimoja. Mzee akaniandikia orodha ya vifaa kwenye kipande cha boksi. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, nilikuwa na kitu cha kulinganishia, kwa sababu makadirio ya kampuni yaliyokuwa yamebaki kwenye simu yangu yalitaja bei ya kila kiungo. Elbo waliyoiandika shilingi 1,500 kwa Mzee ilikuwa 3,000. Soketi, yunioni na koki, vyote vilikuwa vimepanda kwa namna hiyo hiyo.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji alinitajia bei, na alipogundua kazi ni ya Fundi akacheka kidogo na kuniuliza kama niandikiwe risiti "ya kawaida". Kila mtu mjini anajua cha juu ni nini: ile nyongeza ambayo fundi huiweka kimyakimya juu ya bei ya vifaa. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba kilikuwa kinatoka kwenye mkoba wa mama yangu pia, tangu enzi zile za chai na mihogo, na jambo hilo liliniuma kuliko kiasi chenyewe. Mama alikuwa na msemo aliopenda kuutumia kwa wauza samaki wake wa kila siku, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sasa najiuliza kama alikuwa anajua zaidi ya alivyoonyesha.

Sikutaka kumkabili Mzee kama mtoto anayemsuta mtu mzima, wala sikutaka kunyamaza. Nilimsubiri amalize kunywa maji, nikamwambia, "Mzee, samahani, nimepita dukani. Vifaa nitanunua mwenyewe. Lakini ufundi wako uliouandika hapa, elfu thelathini kwa kazi ya siku mbili, nao naona ni mdogo mno, si sawa."

Alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutamani ningenyamaza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyafikiria mara nyingi tangu siku hiyo.

"Watu hawalipi ufundi, mwanangu. Ukimwambia mtu ufundi ni laki moja na nusu, atakwambia umemwibia, maana anakuona umeshika spana tu. Ukimwambia vifaa ni laki mbili, analipa bila maneno, kwa kuwa vifaa anaviona. Sasa mimi nikale wapi?"

Hakuwa anajitetea, alikuwa ananieleza jinsi biashara yake inavyoendeshwa. Niliporudi kutazama ankara ya kampuni, niliona kwamba na wao wamelitatua tatizo hilo hilo kwa njia yao. Elbo ni ya bei halali, lakini kuna ada ya ukaguzi, ada ya huduma, na kwa upande wa pili kijana aliyevua viatu mlangoni anakatwa sehemu ya jasho lake hadi analazimika kunong'ona namba yake ya simu. Cha juu kipo pande zote mbili. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwa kampuni nilikisoma kabla ya kulipa, na kwa Mzee nilikifahamu baada ya miaka zaidi ya 20, na sioni sababu ya kujifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Tulikubaliana ufundi 160,000, vifaa ninunue mimi, risiti zibaki kwangu. Alisema sawa, lakini siku hiyo hakunywa chai.

Jambo lingine nililolipata kwa yule kijana lilikuwa ile pampu ya kupimia. Nilimwomba Mzee aazime moja kabla ya kufukia mtaro. Alinuna, akaazima, akafunga, na mshale ukaanza kushuka. Kiungo kimoja nyuma ya jiko hakikuwa kimeyeyuka vizuri, kwa kuwa mashine aliyoikodi ilikuwa haijapata moto wa kutosha alipoanza. Kwa njia ya "yaache yalale" huenda tungekigundua, na huenda tungekifukia chini ya zege kama tulivyofukia ile tii. Akakikata, akaunga kingine, mshale ukasimama palepale kwa saa nzima tuliyoutazama. Tangu hapo amenunua pampu yake.

Kabla ya kufukia, nilipiga picha kila hatua ya mtaro nikiwa nimelaza futi ya kupimia kando ya bomba, kisha nikachora kwenye karatasi ya grafu ninayotumia darasani: sentimita 42 kutoka ukuta wa stoo, kona ya kwanza chini ya dirisha la jikoni, geti valvu mpya nje, kimo cha goti, karibu na mwembe. Mzee alisimama nyuma yangu akisahihisha. Njia za vyoo, ambazo hatukuzigusa, alinisomea kutoka kichwani, na mara mbili alifunga macho ili akumbuke. Nilitambua wakati huo kwamba tumekuwa tukiihifadhi nyumba nzima ndani ya kichwa cha mtu mmoja mwenye magoti mabovu, aliyekuwa ametoka kumzika kaka yake.

Mdogo wangu, anayepanga kwenye ghorofa Kijitonyama, hatumii mtu mwingine ila wa programu, na sina hoja ya kumpinga. Mwenye nyumba wake hurudisha gharama za matengenezo pale tu anapoletewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo Mzee hana wala hatakuwa nayo. Mabomba ya ghorofa lile yanapita kwenye uwazi mmoja wenye mlango, kila mtu anayaona, kwa hiyo hakuna siri ya kukumbukwa. Tena anaishi peke yake, na picha na jina la anayekuja humpa utulivu ambao mimi hupewa na mtaa. Mzee akinikosea, najua kwake ni wapi, najua mjumbe wetu wa shina ni nani, na mke wake tuko naye kwenye kikundi cha kuzikana. Fundi wa programu akikosea, unaandika malalamiko na kupokea ujumbe wa kukushukuru kwa kuwasiliana nao. Kwa sinki lililoziba, koki ya kubadilisha, au mtungi wa kupashia maji ya kuogea uliokufa usiku wa Jumapili, hata mimi huagiza kupitia simu. Kwa kitu chochote kilicho ndani ya ukuta au chini ya sakafu, sifanyi hivyo tena.

Nilisema nimejutia kukataa ile namba. Miezi michache baadaye shule yetu ilihitaji mtu wa kufunga tangi la juu na kupima njia zake, kazi ya karatasi na vipimo, nikamkumbuka yule kijana. Nilimtafuta kwenye programu kwa jina lake. Kumbukumbu ya kazi aliyonifanyia ilikuwapo bado, pamoja na nyota zangu tano, lakini picha yake ilikuwa imeondolewa na sehemu ya kumwita tena haikubonyezeka.

Mwaka huu Mzee ameacha kupanda ngazi. Anakuja na saidia fundi wake, mjukuu wa dada yake, ambaye hupanda kwenye mnara wa tangi yeye akiwa amekaa kitini chini ya mwembe akimwelekeza kwa fimbo. Wiki iliyopita walikuja kubadilisha boya la tangi la juu, na kijana akataka kujua geti valvu ilipo. Nilileta karatasi ya grafu. Mzee akaitazama kwa muda, akaniomba penseli, akafuta kona moja ya njia ya choo cha nyuma na kuisogeza kidogo kuelekea ukutani.

"Hapa nilikudanganya," akasema. "Si kwa makusudi. Nimekumbuka juzi."

Kisha akaniuliza kama naweza kumpa nakala, akae nayo kijana. Nikamwambia nitamtolea pale steshenari ya barabarani. Akauliza nakala moja ni shilingi ngapi.

"Mia mbili, Mzee."

"Bila cha juu?"

Alicheka hadi akashika goti, na siku hiyo chai alikunywa vikombe viwili.